Ndama Aliyesikia kwa Niaba Yangu

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nafasi imetangazwa! Kamati ya malka inatafuta msimamizi wa kiangazi hiki. Malka ni njia yetu ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni, katikati ya mashamba. Msimamizi hukaa mdomoni mwa njia, akasikiliza kengele za mifugo inayokuja, akapiga filimbi ili akina mama watoke majini na wenye mashamba wasimame mipakani, kisha akaita makundi kwa zamu. Hupewa filimbi, kiti cha plastiki na jaketi la reflekta. Reflekta lenyewe ni jipya. Nimeliona ofisini, bado limo kwenye nailoni.

Mimi Godana nimechunga tangu sina meno mawili ya mbele. Nani mwingine wa kupewa?

Gollo, eti! Jirani yangu Gollo, ambaye hata kukamua hukamua kama anayefua soksi. Amejiandikisha kabla yangu. Na fitina ameshaianza: anazunguka mahoteli ya Garsen akisema mzee Godana ni kiziwi, ataleta maafa.

Nimefika nyumbani nikiwaka moto, nikamweleza mke wangu Hawo. Hakushtuka hata kidogo. Akasema jambo, lakini upepo ulikuwa mkali, nikaona midomo tu. Akarudia kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto: "Baba Dado, hii maneno ya Gollo, hata mbuzi yetu inajua!"

Mwezi huu Garsen ina upepo mbaya sana. Nitaiandikia kamati.

Jumanne, 14 Januari

Kikao cha kamati, kwenye darasa la zamani la chekechea. Mwenyekiti ni mzee Issack, mtu anayeongea kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chini ya meza. Mimi vikaoni nina mbinu yangu. Watu wakinitazama, natingisha kichwa. Wakicheka, nacheka. Imenifaa miaka sita, harusi na matanga.

Nilitoka kifua mbele. Nje nikakutana na Mapenzi, mjane wa Kigiriama, ambaye shamba lake la mahindi limepakana na malka kabisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisogelea, akanishukuru. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Issack aliuliza kama wagombea wanakubali kupimwa masikio hadharani siku ya Jumamosi, kwa kengele itakayotikiswa mara kumi. Gollo alikataa, akasema ni dharau. Mimi nilitingisha kichwa kwa nguvu. Ikapita!

Mapenzi aliniambia mwaka juzi ng'ombe waliingia bila filimbi, hakubaki na suke moja. Mahindi yaliyopo sasa ndiyo chakula chake na wanawe mpaka mvua. Alisema amefurahi kumpata mzee asiyeogopa kupimwa.

Nimeogopa kweli kweli. Lakini mtu hapimwi na wengine akiwa hajajipima mwenyewe. Kuanzia kesho najipima hapa hapa nyumbani, kimya kimya, bila Gollo kujua.

Jumatano, 15 Januari

Binti yetu Dado, aliyeolewa Hola, amenitumia programu ya kupima masikio kwenye simu. Unaingiza vile vidude masikioni, kisha unabonyeza kila unaposikia mlio. Nilikaa zizini, mahali pa faragha. Nikasubiri. Mlio hakuna. Nikaona nisiiache mashine ifikiri vibaya, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikawa nabonyeza kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayekamua.

Majibu yakaja: jaribio limebatilishwa, mpimwaji amebonyeza hata pasipo na mlio. Maana yake nasikia zaidi ya mashine! Nimemwandikia Dado kwamba programu yake ni dhaifu.

Mchana tukafanya kipimo cha kunong'ona. Hawo alisimama nyuma yangu, umbali wa mkono, akawa ananong'ona namba nami nazirudia. Kumi kwa kumi! Hawo akashuku. Akaja mbele, akaona kioo changu cha kunyolea nimekiegemeza kwenye birika, kikiangalia midomo yake. Akakichukua, akakiweka mfukoni, akarudi nyuma. Safari ya pili nilipata sifuri, lakini alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani. Nani anasikia namba zilizopita kwenye kitambaa?

Nimemwambia hiyo si haki. Alijibu kwa maneno mengi, sikuyapata yote. Sura yake nimeipata.

Alhamisi, 16 Januari

Hawo amenipeleka zahanati. Nilikubali kwa sharti kwamba akiulizwa na mtu yeyote, ni goti. Tukakaa foleni na akina mama wenye watoto wa chanjo. Nikamwona mke wa Gollo anaingia! Nikaanza kuchechemea nikiwa nimekaa.

Muuguzi Kadra, msichana mdogo mwenye tochi, alichungulia sikio la kulia. Akachungulia la kushoto. Akamwita mwenzake aje naye aone. Akasema, karibu na uso wangu, kwamba nta imejaa na kuwa ngumu pande zote mbili. Nitie matone siku tano, kisha nirudi anisafishe. Hakuna kulipa, hakuna kuumia, ni robo saa tu. Halafu atapima tena aone kama kuna tatizo jingine.

Nta! Mimi natawadha mara tano kwa siku. Masikio yangu yanapata maji kuliko shamba la mtu yeyote kule kijiji cha Hewani. Na siku tano? Kipimo ni keshokutwa. Nikirudi kuoshwa masikio Jumanne, mke wa Gollo atakuwa pale pale na mtoto mwingine. Nikachukua chupa ya matone kwa adabu, nikaitia mfukoni, nikaondoka nikichechemea mguu usio sahihi. Hawo alinikumbusha goti ni lile jingine.

Jioni Mwenyezi Mungu akanifungulia mlango.

Tuna ndama mmoja, jina lake Diwani, kwa sababu kazi yake ni kulia na kula. Ndama huachwa nyumbani mama zao wanapokwenda malishoni, kwa hiyo mchana kutwa Diwani humngoja mama yake. Nilikuwa nimekaa mbele yake nikiwaza. Ghafla masikio yake yakasimama. Shingo ikageuka. Sikuona sababu. Nikahesabu hadi mia na kitu, na ndipo nikamwona mama yake anatokea kwenye kona na kengele yake ya mbao shingoni.

Diwani aliisikia ile kengele kabla ya mtu yeyote. Mimi nilimwona Diwani. Kwa hiyo mimi nilisikia. Sijui kwa nini wataalamu hawajaligundua jambo hili.

Ijumaa, 17 Januari

Mazoezi. Nilimvua ng'ombe kengele, nikampa Hawo, nikamwambia aende nyuma ya ghala akaitikise anapotaka. Mimi nikakaa nimeligeuzia ghala mgongo, Diwani amefungwa mbele yangu. Sikio la Diwani likisimama, mkono wangu juu. Hawo akaenda hatua thelathini. Hamsini. Akaenda mpaka kwenye lambo. Sikukosa hata mara moja.

Alirudi mbio. Macho yalikuwa na machozi. Alisema alhamdulillahi, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kisha akanieleza, nadhani, jinsi alivyochoka kuishi miaka yote hii na mtu ambaye haongei naye. Nilitaka kumwambia kuhusu Diwani. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini alikuwa amefurahi sana, na Jumamosi ni kesho.

Baada ya swala ya Ijumaa Gollo alinijia kwa nyuma, akapiga makofi karibu na kisogo changu. Najua kwa sababu niliona kivuli cha mikono yake. Sikugeuka. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Aone kwamba sina muda na mambo ya kitoto.

Kabla ya kuingia ndani nimetia yale matone ya Kadra kwenye masikio ya Diwani, mawili kulia na mawili kushoto. Chombo cha kazi lazima kitunzwe.

Jumamosi, 18 Januari

Ushindi!

Watu walijaa uwanjani kama siku ya mnada. Kwa ukarimu nikaitolea kamati kengele ya ng'ombe wangu, ili wasihangaike kutafuta nyingine. Issack akanisifu. Hawo akachaguliwa kuitikisa nyuma ya ghala, kwa kuwa ndiye mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini.

Nikaja na Diwani kwenye kamba. Gollo akalalamika: ndama wa nini? Nikaeleza kwamba anaharisha, dawa yake ni ya kila saa, siwezi kumwacha. Issack akasema, na Mapenzi akanirudilia karibu na sikio, kwamba ndama si mgombea.

Gollo alitangulia. Akapata nane, kwa sababu lori la mchanga lilipita. Alitaka kengele mbili zirudiwe, wakamkatalia. Lo, raha!

Kisha mimi. Nilikaa, nikamkazia macho Diwani kwa huruma ya daktari. Kumi kwa kumi. Ya kumi Diwani alilia kabisa, akanirahisishia. Watu wakapiga vigelegele, naambiwa. Issack alinivisha reflekta kwa mikono yake. Mapenzi alileta mkungu wa ndizi. Hawo alikuja kutoka nyuma ya ghala, akanitazama mimi, akamtazama Diwani, akanitazama tena mimi. Hakusema kitu. Au labda alisema.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda mjini kunywa chai nikiwa nimevaa reflekta. Nikapita mbele ya duka ambako Gollo hukaa. Nikasahau kitu, nikarudi. Nikapita tena. Saa saba mchana kulikuwa na joto la kuua ndani ya lile jaketi, lakini cheo ni cheo. Gollo alijifanya anasoma gazeti, ukurasa ule ule mara zote nne.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya kwanza kazini. Nimekaa mdomoni mwa malka kwenye kiti changu, Diwani mbele yangu, filimbi mdomoni. Asubuhi yote kimya. Diwani amelala. Nikajua mifugo haijafika.

Saa sita Diwani akasimama! Nikapiga filimbi hadi mashavu yakauma. Akina mama wakatoka majini na mitungi yao. Wakaja ng'ombe wangu, wakapita vizuri, wakanywa, wakarudi. Kazi safi.

Kisha watu wakaanza kunijia na vidole. Imeonekana makundi matatu yalitangulia tangu saa nne, yakasimama nyuma yangu yakingoja kuitwa, na mimi nikawaita wangu tu. Wananiita mpendelevu. Mimi! Gollo alikuwa mmoja wao, amesimama juani saa mbili na ng'ombe wenye kiu, na alikuwa akinipungia mkono. Niliuona mkono tu kwa pembe ya jicho, nikadhani anatoa salamu, nikaona nisimjibu.

Nimegundua tatizo. Diwani anaijua kengele ya mama yake tu. Za wengine hazimhusu. Hili ni suala la mafunzo. Nitampa wiki moja, na matone nimeongeza yawe matatu matatu.

Hawo wakati wa chakula aliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba niende nikaseme ukweli kwa Issack kabla mtu hajaumia. Siku hizi anaandika vizuri. Nimemsifu mwandiko.

Jumanne, 21 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Yalishuka makundi mawili makubwa kutoka upande wa Nanighi, ng'ombe ambao hawakuonja maji siku mbili. Watu wanasema kengele zao zilisikika tangu kwenye lami. Mimi nilikuwa nimeipa barabara mgongo ili nimwone Diwani. Diwani alikuwa anacheua, amefumba macho.

Kitu cha kwanza nilichojua ni vumbi lililopita juu ya bega langu. Cha pili ni Hawo. Alikuwa anarudi na madumu yake ya maji. Ameyatupa, anakimbia kuelekea mtoni, mikono juu, mdomo wazi kama pango. Akina mama wakamsikia. Wakavuta watoto, wakapanda ukingoni. Wa mwisho alikuwa na mtoto mgongoni, na ng'ombe wa kwanza akapita pale pale alipokuwa amesimama. Hakuna aliyeumia. Hakuna, alhamdulillahi.

Lakini njia haikuwatosha ng'ombe, na shamba la Mapenzi ndilo lililo pembeni. Walipomaliza kupita hakukuwa na kitu kirefu kuliko kifundo cha mguu wangu.

Watu wote wakaja. Nilichanganyikiwa. Sijui kilichonipata. Nikamgeukia Diwani, nikamfokea mbele ya kamati nzima: kwa nini hukusikia, mimi nikupe dawa, nikutegemee, halafu unalala kazini?

Kisha nikaona nyuso zao zimenigeukia, na za wote zimefanana.

Mapenzi alikuwa amechuchumaa katikati ya mabua. Aliinuka, akaja mpaka pua yake karibu iguse yangu, ili nisikose hata neno. "Uziwi si makosa, mzee wangu. Hata baba yangu alikuwa kiziwi. Urongo ndio makosa. Wanangu wale nini sasa?"

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Niliona aibu mpaka nikatamani reflekta lisiwe linang'aa kiasi kile.

Ingawa, kusema haki, mtu aliyelala alikuwa Diwani.

Jumatano, 22 Januari

Kamati imekaa. Leo nilimsikia Issack vizuri sana, mwanzo hadi mwisho. Kumbe ana sauti. Alisema mara ya mwisho mahindi yalipokanyagwa, wafugaji na wakulima hawakunywa chai meza moja mwaka mzima, na kuna watu walifanya vibaya kuliko kunyimana chai. Alisema mimi nilitaka kuturudisha huko kwa ajili ya jaketi.

Hukumu: Mapenzi apewe ng'ombe wangu wa maziwa, pamoja na ndama wake. Wanawe wanywe maziwa mpaka mvua ije apande tena. Na mimi mwenyewe nitamlimia, kwa jembe langu.

Nikauliza kama anaweza kupewa ndama mwingine. Wakakataa. Wakamchukua Diwani na kamba yake. Hakugeuka hata kunitazama. Mama yake alikuwa ametangulia, na masikio yake yote mawili yalikuwa mbele.

Kisha msimamizi mpya. Gollo akainuka, akajikohoza, akakunja mikono ya shati. Mapenzi akainuka pia. Akasema aliyesikia jana ni Hawo, aliyepiga kelele ni Hawo, aliyetoa watoto majini ni Hawo, sasa tunamtafuta nani? Wakulima wakaunga mkono. Wafugaji wakaangaliana, wakakohoa, wakaunga mkono. Gollo akakaa chini na shati lake. Hapo tu ndipo nilipopata faraja kidogo.

Nilivua reflekta, nikamvisha mke wangu. Limemkaa vizuri kuliko mimi, na hilo pia lilisemwa kwa sauti ambayo kila mtu alihakikisha nimeisikia.

Ijumaa, 24 Januari

Siku ya pili ya Hawo malkani. Hakuna bua lililovunjika, hakuna mtu aliyegombana. Gollo ameitwa wa nne na amekubali. Issack amempelekea Hawo mwavuli. Mimi sikupelekewa mwavuli.

Nimetafakari sana, na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja: nilitegemea ndama mmoja. Ndama wanne, kila mmoja na mama mwenye kengele tofauti, wangetosha kabisa. Lakini kazi hiyo sasa siitaki, ni ya vumbi. Kuna jambo kubwa zaidi nimelitambua. Garsen nzima, kati ya watu wote hawa, ni nani amejipima masikio kwa simu, kwa kunong'onewa, kwa kioo, kwa kengele na kwa mifugo, yote ndani ya wiki moja? Mimi peke yangu. Huu ni utaalamu, na unakaa bure.

Nimeandika mlangoni kwa mkaa: MASIKIO YANAPIMWA HAPA. Hawo ameyasoma alipokwenda kazini. Akanishika bega, akanionyesha kwa vidole kwamba Jumatatu Kadra ananingoja na maji ya moto na bomba lake. Nimetingisha kichwa. Nitamtuma mtu amwambie Kadra sitaweza, Jumatatu ni siku ya wateja. Akitaka kushirikiana nami, aje na tochi yake.

Mteja wa kwanza amekwisha kuja! Masha, kaka yake Mapenzi, dereva wa bodaboda. Alikuja, nadhani, kuuliza ni lini naanza kulima shamba la dada yake, lakini nikamkalisha kabla hajafika mbali. Nikasimama nyuma yake, nikatikisa kengele ya ng'ombe mwingine mara kumi kwa umakini mkubwa. Kila mara nilimwuliza kama amesikia. Kila mara midomo yake ilicheza kwa muda mrefu, na mikono ikarushwa huku na huku.

Nimemwandikia cheti: masikio mazima kabisa, ila sauti haitoki. Arudi baada ya siku tano.